Mstari Mmoja Kwenye Jeli

Baba alisimama miaka kumi na tisa mbele ya korona, Ngomeni,
akililisha majani ya mkonge lile dude lenye meno.
Nyama ya kijani ilirukia huku, maji yake yakamwasha mikono,
upande wa pili zikatoka singa, nyeupe, za kuanika.
"Jani zima lina uzito," alisema,
"lakini mnunuzi analipia singa."

Mimi nasimama mbele ya bomba la kioo,
chumba cha nyuma cha maabara, Tanga mjini.
Ndani ya bomba mna shanga,
si za kiunoni, hizi jicho haliziwezi,
na juu ya shanga namimina mnyoo
niliyemsaga juu ya barafu hadi akawa rangi ya togwa.

Anatoka tone kwa tone.
Kama mama akikamua kifumbu: tui zito, la kati, jepesi,
ila mimi nataka kichupa cha kumi na moja,
pengine na cha kumi na mbili.
Vingine vyote namwaga.

Zamani hatukumwaga.
Tulipaka mnyoo mzima kwenye visima vya sahani,
tukadondoshea damu za watu,
kisima kikigeuka njano tukaandika: ANAYO MATENDE.

Ndivyo nilivyomwandika Mwanamkasi wa Duga Maforoni.
Posa ilikuwa imeshapokewa.
Mama wa mchumba akaja na uzi mwekundu,
akamzungushia kifundo cha mguu, akapiga fundo.
Wiki ya pili akapima tena, fundo jingine.
Mguu haukuvimba. Uzi ukaendelea kungoja.
Siku posa iliporudishwa, uliachwa mkekani.

Damu haikusema uongo, nataka hili lieleweke.
Damu yake iliwahi kupigana na mnyoo wa tumbo,
yule wa kawaida, wa watoto wanaochezea udongo,
na ndani ya supu yangu mlikuwa na sura za ukoo wake.
Damu ikaona sura inayoijua, ikaitika.
Simama soko la Mgandini uulize,
"Nani hapa anamjua mtu wa Mkinga?"
Nusu ya soko itanyoosha mkono.
Nilikuwa nimeuliza hivyo.

Shemzigwa, mkuu wangu, hakunikaripia.
Aliiweka jeli dirishani, kwenye mwanga.
"Hii ndiyo antijeni yako. Hesabu mistari."
Nilifika ishirini na saba nikaacha.

Miezi minne. Shanga, chumvi, shanga tena,
umeme ukakatika, friji ikatapika, kazi ya wiki ikaoza,
hadi asubuhi moja ya Machi jeli ikatoka na mstari mmoja,
mwembamba kama wanja.
Chini yake, kivuli.
Nikasema ni uchafu wa kioo.
Shemzigwa akasema ni kivuli, rudia.
Nikarudia.

Tukaitoa damu ya Mwanamkasi kwenye barafu.
Kisima hakikugeuka. Kilikaa kama maji ya mvua.

Karatasi niliipeleka mwenyewe.
Aliisoma mara mbili, vidole vyake vina unga.
"Ile ya kwanza mliipima kwa nini?"
Nikamweleza: mnyoo mzima. Nikamweleza korona, jani, singa.
Akaingia ndani, akatoka na uzi, una mafundo saba.
"Na huu," akasema, "mna bomba la kuuchuja?"

Uko droo ya juu, pamoja na kalamu za kuandikia vichupa.
Siku nyingine kichupa cha kumi na tatu kinanitazama,
kina mali kidogo, kina uchafu kidogo,
na mchana umekwisha, na nauli sina ya kurudi kesho.
Navuta droo nitafute kalamu.
Namwaga.